Afrika Mashariki: Je, gari la zamani litiwe oili ya sintetiki?

Serikali za ukanda wa Afrika Mashariki zimeweka kanuni nyingi kuhusu umri wa gari linaloruhusiwa kuingia nchini, lakini ni chache sana zinazogusa kile kinachotiwa ndani ya injini baada ya gari kusajiliwa. Jambo hilo limebaki mikononi mwa watu watatu: mwenye gari, fundi wake na muuza duka la vipuri. Katika gereji za Dar es Salaam, Kampala, Nairobi na Bujumbura, swali moja hurudi mara kwa mara: gari lililokwisha kutembea kilomita laki mbili kwa oili ya kawaida, je, laweza kuhamishiwa oili ya sintetiki bila injini kudhurika?

Swali hilo lina uzito wake. Kwa familia nyingi gari la zamani si anasa, bali ni chombo cha kazi: teksi, gari la kupeleka bidhaa sokoni, au la kusafirisha abiria kati ya mji na mashamba. Injini ikifa, riziki ya nyumba nzima husimama. Kwa upande mwingine, oili ya sintetiki huuzwa kwa bei iliyo juu ya ile ya kawaida, na mwenye gari huambiwa mambo mawili yanayopingana. Muuza duka humhakikishia kwamba sintetiki itairefushia injini maisha. Fundi naye humwonya kwamba oili hiyo ni nyepesi mno, italegeza sili zote na gari litaanza kuvuja. Kila mmoja wao ana sehemu ya ukweli, na kila mmoja ameacha sehemu nyingine bila kuisema.

Umri wa magari na sheria za mipakani

Mwaka 2020 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilitoa ripoti kuhusu biashara ya magari yaliyotumika duniani. Ripoti hiyo ilionyesha kuwa kati ya mwaka 2015 na 2018 magari madogo yapatayo milioni 14 yaliuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine, wauzaji wakuu wakiwa Umoja wa Ulaya, Japani na Marekani, na kwamba bara la Afrika ndilo lililopokea sehemu kubwa zaidi.

Nchi jirani zimejibu wimbi hilo kwa njia tofauti. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka 8 tangu liliposajiliwa kwa mara ya kwanza. Uganda, kwa marekebisho ya sheria ya usalama barabarani ya mwaka 2018, ilipiga marufuku kuingizwa kwa magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu yalipotengenezwa, na hutoza ushuru wa mazingira kwa yale yenye umri mkubwa yanayoruhusiwa. Tanzania haikufunga mlango, bali imeweka ushuru wa ziada unaotokana na uchakavu: asilimia 15 kwa gari dogo lenye umri wa kati ya miaka 8 na 10, na asilimia 30 kwa lililozidi miaka 10. Rwanda imeelekea upande mwingine. Mwaka 2021 iliamua kuyaondolea kodi magari ya umeme, ambayo hayana injini ya kutiwa oili.

Hata hivyo, umri unaopimwa mpakani ni mwanzo tu wa safari. Gari lililoingia Mombasa likiwa na miaka 7 huendelea kufanya kazi kwa miaka mingine 10 au 15. Lile lililoshushwa katika bandari ya Dar es Salaam likasafiri zaidi ya kilomita 1,500 hadi Bujumbura kupitia Kabanga na Kobero, halikununuliwa ili lipumzike. Ukaguzi wa magari katika nchi hizi hutazama breki, taa, matairi na, kwa baadhi, moshi. Kwa kawaida hakuna anayeuliza ni oili gani imo ndani. Kwa hiyo maisha halisi ya gari huamuliwa gereji, na kwa wakazi wa Bujumbura gereji hizo nyingi ziko Buyenzi, mtaa wa Waswahili ambao sifa ya mafundi wake imevuka mipaka ya mji.

Sintetiki ni nini hasa?

Oili ya kawaida, ambayo wengine huiita oili ya madini, hupatikana kwa kusafisha mafuta ghafi. Usafishaji huo huondoa uchafu mwingi, lakini huacha mchanganyiko wa chembe zenye ukubwa na maumbo mbalimbali. Baadhi ya chembe hizo huganda mapema kwenye baridi, na nyingine huungua mapema kwenye joto kali. Oili ya sintetiki kwa maana yake ya asili huundwa kiwandani ili chembe zake zilingane. Kwa sababu hiyo hutiririka vizuri injini ikiwa baridi, na huchelewa kuharibika inapokuwa moto.

Lakini neno hilo kwenye chupa halina maana moja. Katika miaka ya 1990 kampuni za Mobil na Castrol zilizozana nchini Marekani kuhusu nani ana haki ya kulitumia. Castrol ilikuwa imeanza kuuza kwa jina la sintetiki oili iliyotokana na mafuta ghafi, ingawa yalikuwa yamesafishwa kwa njia ya juu kiasi cha kubadilisha umbo la chembe zake. Mwaka 1999 chombo kinachosuluhisha migogoro ya matangazo ya biashara nchini humo kiliamua upande wa Castrol. Tangu wakati huo sehemu kubwa ya oili zinazouzwa kwa jina la sintetiki ni za aina hiyo. Si mbaya, na mara nyingi hufanya kazi vizuri sana, lakini mnunuzi anapaswa kujua kuwa neno hilo ni la kibiashara pia.

Ubora wa sintetiki umethibitishwa kwa vipimo. Mwaka 2017 chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, kililinganisha oili za aina zote mbili katika maabara na kukuta kwamba sintetiki zilizidi za kawaida kwa wastani wa asilimia 47. Tofauti hiyo ni kubwa. Swali ni kama faida zote zilizopimwa huko zina thamani ileile katika mazingira ya ukanda huu.

Mojawapo ya sifa kuu za sintetiki ni kutiririka upesi asubuhi ya baridi kali, hali ambayo mwenye gari wa Dar es Salaam, Uvira au Bujumbura haijui. Faida hiyo, ambayo mwenye gari wa Ulaya Kaskazini huilipia kwa furaha, hapa ina thamani ndogo. Faida ya pili, yaani kuvumilia joto, ndiyo inayohusika. Gari linalopanda kutoka ufukwe wa Ziwa Tanganyika, ulio kwenye mwinuko wa mita zipatazo 770, hadi Bugarama palipo juu ya mita 2,000, tena likiwa limejaa abiria na mizigo, huipa oili mtihani mgumu. Hali ni hiyo hiyo kwa magari yanayokwama kwenye foleni za Kampala na Nairobi, injini ikinguruma bila hewa ya kutosha kuipoza.

Hofu ya kuvuja ilitoka wapi?

Onyo la mafundi kuhusu kuvuja si uzushi mtupu. Sintetiki za kwanza zilizoingia sokoni katika miaka ya 1970 ziliundwa kwa kemikali ambazo hazikuufanya mpira wa sili uvimbe kidogo, kama oili ya kawaida ilivyofanya. Katika injini iliyozoea oili ya kawaida, sili zilinywea, nafasi ikapatikana, oili ikatoka. Watengenezaji waligundua kosa hilo na kuongeza viambato vya kuurejeshea mpira ulaini wake. Oili zinazokidhi viwango vya kimataifa leo hupimwa kwa aina mbalimbali za mpira kabla ya kuidhinishwa. Vilevile hutakiwa ziweze kuchanganyika na oili nyingine bila kuganda wala kutengana. Kwa hiyo dhana kwamba injini iliyozoea oili ya kawaida haiwezi kamwe kupokea sintetiki imepitwa na wakati.

Pamoja na hayo, bado yapo magari yanayoanza kuvuja muda mfupi baada ya kubadilishiwa oili. Sababu huwa ndani ya gari lenyewe. Injini iliyokaa miaka mingi bila kubadilishiwa oili kwa wakati hujenga tope jeusi kwenye kuta na pembe zake. Tope hilo huweza kuziba nyufa za sili iliyokwisha kukauka na kukakamaa. Oili mpya yenye sabuni nzuri, iwe ya sintetiki au ya kawaida yenye ubora, huliosha tope taratibu. Likiondoka, ubovu uliofichika hujitokeza. Fundi huona oili sakafuni na kuilaumu chupa aliyofungua jana, ilhali sili ilikuwa imekufa siku nyingi.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mwenye gari. Akiamini kwamba oili ndiyo mkosaji, atarudi kwenye oili nzito na kuendelea kuishi na sili mbovu mpaka siku itakapoachia njiani. Akielewa kwamba ni sili, atanunua sili mpya, na ugonjwa utakuwa umetibiwa penyewe.

Hesabu ya mwenye gari

Mfano wa gari linalofahamika na wengi unaweza kusaidia. Toyota Probox yenye injini ya lita 1.5 hupokea oili ya lita zipatazo 3.7 pamoja na chujio lake. Tuseme gari hilo hutembea kilomita 20,000 kwa mwaka. Likibadilishiwa oili ya kawaida kila kilomita 5,000, litatumia lita 14.8 na machujio manne. Likitiwa sintetiki inayobadilishwa kila kilomita 10,000, litatumia lita 7.4 na machujio mawili. Hivyo, hata kama lita moja ya sintetiki itauzwa kwa bei mara mbili ya ile ya kawaida, gharama ya oili kwa mwaka italingana, na mwenye gari atakuwa ameokoa machujio mawili na siku mbili za gereji. Bei ya sintetiki ikizidi mara mbili, nafuu hiyo huanza kupungua.

Hesabu hiyo ina masharti mawili. La kwanza ni kwamba muda wa kilomita 10,000 uwe umeruhusiwa na mtengenezaji wa gari kwa mazingira husika. Vumbi la barabara za udongo, safari fupi za kusimama na kuondoka, na mizigo mizito huhesabiwa na watengenezaji kuwa matumizi magumu, na katika matumizi hayo muda wa kubadilisha oili hufupishwa kwa oili ya aina yoyote. Sintetiki haina uwezo wa kulifukuza vumbi lililopenya kwenye chujio la hewa lililochanika.

Sharti la pili ni hali ya injini. Gari linalokula oili huvuruga hesabu yote. Injini ambayo ringi zake za pistoni zimechakaa ikatumia lita moja kila kilomita 1,000, itahitaji kuongezewa lita 20 kwa mwaka, kiasi kinachozidi oili yote ya kubadilisha katika mpango wowote kati ya ile miwili. Kumimina sintetiki ya bei ghali katika injini ya namna hiyo ni kuchoma fedha na kuzitoa kwa bomba la moshi. Gari kama hilo linahitaji kufunguliwa injini, na kama fedha za kazi hiyo hazijapatikana, oili ya kawaida yenye daraja linalofaa na kuongezwa kila inapopungua ndiyo njia ya busara.

Kwa hiyo umri wa gari pekee hautoi jibu. Gari la miaka 20 lililotunzwa vizuri linaweza kunufaika na sintetiki, na gari la miaka 9 lililotelekezwa likawa halifai kuipewa. Kinachopaswa kuulizwa kwanza ni kama gari linavuja, kama linatoa moshi wa bluu, na kama kijiti cha kupimia oili hushuka kati ya safari moja na nyingine.

Namba na herufi zilizoandikwa kwenye dumu

Wanunuzi wengi hutazama jina la kampuni na rangi ya dumu, kisha huuliza kama ni sintetiki. Maandishi mawili madogo yana umuhimu zaidi kuliko vyote hivyo.

La kwanza ni mnato, yaani uzito wa oili, unaoandikwa kwa namna ya 5W-30, 15W-40 au 20W-50. Namba iliyo kabla ya herufi W huonyesha jinsi oili inavyotiririka kwenye baridi. Ndogo ni nyepesi zaidi. Namba ya mwisho huonyesha unene wake injini ikiwa imepata moto. Hapa ndipo lilipo kosa linalowachanganya wengi: wepesi hautokani na usintetiki. Ipo sintetiki nzito na ipo oili ya kawaida iliyo nyepesi. Anayetoka kwenye 20W-50 ya kawaida akaingia kwenye 0W-20 ya sintetiki amebadilisha mambo mawili kwa mpigo, na akisikia injini ikigonga au akiona oili ikipungua, hatajua ni lipi kati ya hayo mawili lililosababisha.

Kinyume chake pia ni hatari. Mafundi wengi wa ukanda huu huamini kwamba gari la zamani linahitaji oili nzito daima. Injini za magari ya Kijapani yaliyotengenezwa tangu miaka ya 2000, kama ile ya Probox, huwa na mfumo unaobadilisha mpangilio wa vali kwa nguvu ya shinikizo la oili inayopita kwenye vijia vyembamba na vichujio vidogo. Oili nzito kupita iliyokubaliwa na mtengenezaji huchelewa kufika huko, na tope likiongezeka vijia huziba. Tatizo ni kwamba kitabu cha gari lililotoka Japani kimeandikwa kwa Kijapani, na aghalabu hakikufika na gari. Hata hivyo, mnato unaotakiwa mara nyingi huandikwa juu ya kifuniko cha kutilia oili, mahali ambapo fundi huweka mkono wake kila siku.

Andiko la pili ni daraja la ubora linalotolewa kwa vigezo vya Taasisi ya Petroli ya Marekani, API. Herufi S husimama kwa injini za petroli na C kwa dizeli, na herufi inayofuata huonyesha kizazi cha oili. Kwa petroli, SN ilianza mwaka 2010, SP mwaka 2020 na SQ mwaka 2025. Taasisi hiyo imeeleza wazi kwamba oili ya daraja la SF haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya mwaka 1988, na ile ya SG haifai kwa zilizotengenezwa baada ya mwaka 1993. Mtu anayemimina oili ya SF katika gari la mwaka 2005 kwa kuwa bei yake ni nafuu anaitia injini yake oili iliyotungwa kwa ajili ya kizazi cha wazazi wake. Kwa mtu huyo, kupanda hadi oili ya kawaida ya daraja la SN kutamletea faida kubwa kuliko kubishania neno sintetiki.

Wenye magari ya dizeli wana jambo jingine la kuzingatia. Salfa iliyomo katika mafuta huzaa asidi inayokula nguvu ya oili. Tangu Januari 2015, nchi tano zilizokuwa wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wakati huo, yaani Burundi, Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda, zilikubaliana kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa kila milioni. Hatua hiyo iliipunguzia oili mzigo mkubwa. Lakini dizeli inayouzwa kwa madumu kando ya mipaka haina anayeithibitisha, na anayelazimika kuitumia hana budi kubadilisha oili mapema, hata kama ni ya sintetiki.

Oili bandia

Hoja zote hizo huporomoka iwapo kilichomo ndani ya dumu sicho kilichoandikwa nje. Oili ya sintetiki, kwa kuwa bei yake ni kubwa, huwavutia waghushi kuliko oili ya kawaida. Njia yao inajulikana: madumu matupu hukusanywa gerejini, hujazwa oili duni au oili iliyotumika ikachujwa, kisha hufungwa upya na kurudishwa sokoni.

Nchini Tanzania biashara ya vilainishi iko chini ya usimamizi wa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, na Shirika la Viwango, TBS. Kenya ina shirika lake la viwango, KEBS, pamoja na mamlaka ya kupambana na bidhaa bandia. Uganda ina UNBS, na Burundi ina ofisi yake ya viwango, BBN. Pamoja na kuwepo kwa vyombo hivyo, dumu moja moja linalovuka mpaka ndani ya buti la gari halipiti mbele ya mkaguzi yeyote.

Mnunuzi anabaki kuwa mlinzi wa kwanza. Kifuniko kilichofunguliwa, namba ya toleo isiyosomeka au inayotofautiana na ile iliyo kwenye karatasi ya nje, na bei iliyo chini mno ya ile ya wakala, zote ni dalili za kutosha kumfanya aache. Jambo jingine ambalo kila mwenye gari anaweza kulifanya bila gharama ni kutoboa dumu lake baada ya oili kumiminwa. Dumu lililotobolewa halijazwi tena.

Oili chafu na ziwa la nchi nne

Kuna upande wa suala hili unaovuka mfuko wa mwenye gari. Kila lita inayoingia kwenye injini bila kuungua hutoka siku moja ikiwa oili chafu. Katika miji mingi ya ukanda huu oili hiyo hupakwa kwenye mbao kuzuia mchwa, humwagwa kwenye vumbi la gereji, au huingia katika mitaro. Shirika la Mazingira la Marekani, EPA, linakadiria kuwa oili inayotolewa katika ubadilishaji mmoja tu inaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi, yaani lita zipatazo milioni 3.8.

Mitaro ya Bujumbura, Uvira, Kalemie na Kigoma huteremka kwenye ziwa moja. Ziwa Tanganyika ni mali ya pamoja ya Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia, ambazo mnamo Juni 2003 zilitia saini jijini Dar es Salaam mkataba wa kulitunza. Mamlaka inayosimamia mkataba huo ina makao yake Bujumbura. Samaki anayevuliwa upande mmoja huliwa upande mwingine, na uchafu nao hauonyeshi pasipoti.

Kwa mtazamo huo, ile hesabu ya lita 14.8 dhidi ya 7.4 ina maana nyingine. Gari linalotumia nusu ya oili hutoa nusu ya oili chafu. Ikiwa maelfu ya magari yenye injini nzima yatahamia oili inayodumu zaidi, ziwa litapata nafuu ambayo hakuna mkutano uliohitajika kuileta. Lakini nafuu hiyo haitakamilika bila mahali pa kukusanyia kilichobaki. Pipa lenye kifuniko katika kila gereji, na utaratibu wa kulikusanya, ni jambo dogo ambalo halmashauri za miji ya pande zote za ziwa zingeweza kulianza kabla ya kutunga kanuni nyingine kuhusu umri wa magari.

Namna ya kuhama bila majuto

Kwa mwenye gari aliyejiridhisha kwamba injini yake haivuji na haili oili, njia ya kuhamia sintetiki si ngumu. Oili ya zamani humwagwa injini ikiwa na uvuguvugu ili itoke na uchafu wake, na chujio hubadilishwa siku hiyo hiyo. Desturi ya kuosha injini kwa dizeli au mafuta ya taa inapaswa kuepukwa, hasa kwa injini yenye tope jingi, kwa maana mabonge yanayong'oka kwa ghafla huweza kuziba kichujio cha pampu na kuikosesha injini oili kabisa. Mnato ubaki ule ule uliokubaliwa na mtengenezaji.

Oili ya kwanza ya sintetiki isisubiri kilomita 10,000. Imwagwe mapema, baada ya kilomita 2,000 au 3,000, kwa sababu itakuwa imebeba uchafu wa miaka iliyopita. Katika kipindi hicho kijiti kipimwe kila wiki, gari likiwa limesimama pahali tambarare. Tone likionekana chini, sili inayohusika itafutwe na kubadilishwa. Baada ya hapo muda unaweza kurefushwa hatua kwa hatua. Anayeona gharama ni kubwa anaweza kubaki na oili ya kawaida yenye daraja jipya, akaibadilisha kila kilomita 5,000 bila kukosa siku, na injini yake itamshukuru.

Nchi jirani zitaendelea kubishana kuhusu iwapo gari lizuiwe mpakani likiwa na miaka 8, 10 au 15. Magari yaliyokwisha kuingia, ambayo ndiyo mengi, hayatangoji mwisho wa mjadala huo. Yatatembea au yatakufa kulingana na oili halisi, ya daraja sahihi, inayobadilishwa kwa wakati, na kulingana na fundi anayekubali kusoma maandishi ya kwenye kifuniko kabla ya kufungua dumu.